Wachumba wafundishwe kwanza, kisha wapimwe

Wachumba wanaokaribia kufunga ndoa huambiwa neno moja na karibu kila mtu mzima aliye karibu nao, awe padre, shehe, mchungaji au shangazi: "Nendeni mkapime." Nao huenda, mara nyingi wiki mbili tatu kabla ya harusi, wakarudi na karatasi yenye muhuri wa maabara inayosema kwamba mmoja ni O chanya, mwenzake ni A chanya, na kwamba wote wawili hawana virusi vya Ukimwi. Karatasi hiyo hutiwa kwenye bahasha pamoja na vyeti vingine, na suala la afya huhesabiwa kuwa limekwisha. Kumbe kwa wachumba wengi wa Afrika Mashariki swali lililostahili kutangulia mengine yote, la kile watakachowarithisha watoto wao, halikuguswa kabisa na vipimo hivyo, na hata yale yaliyoguswa hayakueleweka.

Kupima hujibu maswali yale tu ambayo maabara imeulizwa. Mafunzo ndiyo yanayomwezesha mtu kujua aulize nini, aulize lini, na jibu akishalipata afanye nalo nini. Mambo haya mawili huchanganywa kwa sababu la kwanza lina karatasi ya kuonyesha na la pili halina, na katika maandalizi ya harusi, ambako kila kitu kina risiti, kisicho na karatasi husahauliwa upesi.

Tuanze na selimundu, ambayo wengi huiita sikoseli, kwa kuwa hakuna ugonjwa unaolidhihirisha pengo hilo zaidi ya huu. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa nao. Makadirio yanayotumiwa sana ni watoto wapatao 11,000 kila mwaka. Nchini Uganda, uchunguzi wa kitaifa uliopima damu ya watoto wadogo karibu 98,000 uligundua kwamba asilimia 13.3 yao walikuwa wamerithi kinasaba kimoja cha selimundu, na katika baadhi ya wilaya za kaskazini kiwango kilipita mtoto mmoja kati ya watano. Mtawanyiko huo una sababu. Mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alichapisha ushahidi kwamba mwenye kinasaba kimoja cha selimundu hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana kinasaba hicho kimeenea pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, kule mbu alikotawala kwa karne nyingi, na ni haba katika nyanda za juu zenye baridi. Hata Oman, sehemu ya selimundu iliyopo leo ina asili ya upande huu wa bahari, kwani watu walipovuka walivuka na damu yao.

Mwenye kinasaba kimoja haumwi, na hapo ndipo penye mtego. Kila mtu hurithi maagizo mawili, yaani vinasaba viwili, ya kutengeneza hemoglobini, ile protini inayobeba oksijeni ndani ya chembe nyekundu za damu: agizo moja kutoka kwa baba na jingine kutoka kwa mama. Aliyerithi mawili ya kawaida huandikwa AA. Aliyerithi moja la kawaida na moja la selimundu huandikwa AS. Huyu hulima, hucheza mpira, huzaa na huzeeka bila dalili yoyote ya kumshtua. Aliyerithi mawili ya selimundu huandikwa SS, na huyo ndiye mgonjwa: chembe zake nyekundu hupinda kama mundu, huziba mishipa midogo, na kumletea maumivu makali ya mifupa, upungufu wa damu, maambukizi ya mara kwa mara na wakati mwingine kiharusi angali mtoto. Afya njema ya wachumba wawili, kwa hiyo, haisemi lolote juu ya kile watakachowarithisha watoto wao.

Zaidi ya hapo, herufi zenyewe huwapoteza watu. Grupu la damu, yaani A, B, AB au O, ni alama zilizo juu ya ganda la chembe nyekundu. AA, AS na SS ni habari ya kilichomo ndani. Kuangalia grupu ukadhani umejua hemoglobini ni sawa na kuangalia rangi ya gunia ukadhani umejua kama ndani mna mchele au mahindi. Mtu wa grupu A si lazima awe AA, na mtu wa O chanya anaweza kuwa AS kama mwingine yeyote. Mkanganyiko kuhusu damu ndio pia unaoendeleza uvumi unaosikika hata katika vikao vya posa, kwamba wenye grupu moja la damu hawapati watoto. Si kweli, na kuna uchumba unaotikisika bure kwa ajili yake. Jambo la maana katika majibu ya grupu la damu ni ile alama ya hasi au chanya, yaani Rh: mwanamke aliye hasi, ambao kwa Waafrika ni wachache, chini ya mmoja kati ya kumi, akibeba mimba ya mtoto aliye chanya, mwili wake unaweza kutengeneza kinga itakayoshambulia damu ya mtoto wa mimba zinazofuata. Dawa ipo. Ni sindano ya anti-D inayopaswa kutolewa ndani ya saa 72 baada ya kujifungua mtoto aliye chanya, na vilevile mimba inapoharibika. Anayejua hivyo tangu uchumba huisaka sindano hiyo mapema. Asiyejua huja kuisikia baada ya kupoteza mtoto wa pili.

Turudi kwenye selimundu. Wawili walio AS wakioana, kila mimba ina uwezekano wa robo wa kuzaa mtoto AA, nusu wa kuzaa mtoto AS, na robo wa kuzaa mtoto SS. Neno la kushika hapo ni "kila mimba". Wengi husikia "mmoja kati ya wanne" wakaelewa kwamba ikiwa mtoto wa kwanza ni mgonjwa basi watatu wanaofuata wamesalimika, au kwamba wakiishia na watoto watatu hatari itakuwa imeepukwa. Mimba haina kumbukumbu ya mimba iliyoitangulia. Ukikokotoa, wazazi wawili AS wenye watoto watatu wana uwezekano wa asilimia 58 hivi wa kupata angalau mtoto mmoja mgonjwa, na wakifikisha wanne unakuwa kama asilimia 68. Kwa upande mwingine, AS akimwoa AA hakuna mtoto atakayekuwa SS. Walioambiwa kwa ufupi tu kwamba mmoja wao "ana sikoseli kwenye damu" wanaweza kuachana bila sababu. Taarifa nusu hudhuru pande zote mbili: wengine huwaogofya wasipopaswa kuogopa, na wengine huwatuliza wasipopaswa kutulia.

Hata kipimo chenyewe kinahitaji maelezo. Kile cha bei nafuu kinachoangalia tu kama chembe zinapinda hakiwezi kumtenga AS na SS kwa uhakika, wala hakigundui aina nyingine za hemoglobini zenye kasoro ambazo zikikutana na S huleta ugonjwa. Kinachohitajika ni kuchambua hemoglobini yenyewe, mathalani kwa elektroforesisi, njia inayotenganisha aina za hemoglobini kwa umeme. Mchumba ambaye hajafundishwa hatajua tofauti hiyo, na maabara iliyoagizwa "kipimo cha damu cha harusi" itafanya ilichozoea.

Baada ya majibu huja uamuzi, na hapa ndipo mfano wa nchi nyingine unapotufaa. Saudi Arabia iliufanya upimaji wa selimundu na thalasemia, ugonjwa mwingine wa hemoglobini unaorithiwa, kuwa sharti la ndoa mwaka 2004, ikiwaachia wachumba wenyewe uhuru wa kuoana au kutooana baada ya majibu. Mwaka huo wa kwanza, kati ya wachumba waliokutwa katika hatari ya kuzaa mtoto mgonjwa, asilimia 9.2 tu ndio walioghairi. Kufikia mwaka 2009 walioghairi walikuwa asilimia 51.9. Uhuru huo wa kuamua haukuondolewa katika miaka hiyo. Kilichogeuka, kwa maoni yangu, ni kwamba watu walianza kuelewa maana ya majibu na kuyatafuta kabla mambo hayajafika mbali, kwani ni vigumu mno kufikiri kwa utulivu juu ya vinasaba ukumbi ukiwa umeshalipiwa na kadi zimeshagawiwa. Kwetu mzigo huo ni mzito zaidi, kwa kuwa kamati ya harusi inakuwa imechangisha fedha za watu, mahari imetolewa, na wazee wa pande mbili wameshaitana wakwe.

Kupro, kisiwa cha bahari ya Mediterania, walipita njia nyingine. Huko thalasemia ilikuwa mzigo mkubwa wa taifa, na kuanzia mwaka 1983 Kanisa la Orthodoksi lilidai cheti kabla ya kubariki ndoa. Ila cheti hicho hakisemi majibu; kinasema tu kwamba wachumba wamepimwa na wamepewa ushauri. Padre hajui nani ni mbebaji, yaani mwenye kinasaba kimoja cha ugonjwa, na hana haja ya kujua. Wengi wa wachumba waliokutwa wote wawili ni wabebaji walioana vilevile, na watoto wanaozaliwa na ugonjwa wakapungua hadi kukaribia sifuri. Lazima iongezwe kwa uaminifu kwamba kupungua huko kulitokana kwa sehemu kubwa na kupima mimba na kuitoa, jambo ambalo sheria za Tanzania na imani za wengi wetu haziliruhusu, hivyo matokeo ya Kupro hayawezi kuhamishwa yalivyo. Kinachoweza kuhamishwa ni wazo la cheti kinachothibitisha kwamba mtu amefundishwa, na kuyaacha majibu mikononi mwa wenyewe.

Sharti tupu bila mafunzo lilijaribiwa pia, na halikwenda vizuri. Jimbo la Illinois nchini Marekani liliwalazimisha wachumba wote kupima VVU kuanzia Januari 1988. Katika miezi sita ya kwanza walipimwa watu 70,846 wakapatikana wanane wenye maambukizi, kwa gharama ya takriban dola 312,000 kwa kila aliyegundulika, huku idadi ya vibali vya ndoa ikishuka kwa zaidi ya asilimia 20 kwa sababu wachumba walivuka mpaka kwenda kuoana majimbo ya jirani. Sheria ikafutwa mwaka uliofuata. Hapa kwetu sheria zimesimama upande wa hiari: Kenya, kwa sheria yake ya mwaka 2006, inakataza waziwazi kumlazimisha mtu kupima VVU kama sharti la ndoa, na sheria ya Tanzania ya mwaka 2008 haimruhusu mtu kulazimishwa isipokuwa katika hali chache zilizotajwa, kama amri ya mahakama. Viongozi wa dini wanaodai kuona majibu kabla ya kutangaza ndoa wafahamu kwamba wanakanyaga mahali ambapo sheria imeweka uzio.

Hiari hiyo haipunguzi umuhimu wa kupima. Utafiti wa kitaifa wa Tanzania wa 2022 na 2023 ulikuta asilimia 4.4 ya watu wa miaka 15 na kuendelea wanaishi na VVU, na wachumba wanahitaji kujua hali zao. Mafunzo huongeza mambo ambayo dakika kumi za dirisha la maabara haziyabebi. Kwanza, aliyeambukizwa wiki chache zilizopita anaweza kuonekana hana virusi, kwa kuwa vipimo vya haraka hutafuta kinga ya mwili, na kinga hiyo huchukua muda kujengeka, wakati mwingine hadi miezi mitatu. Kupima mara moja wiki ya harusi si uthibitisho kamili. Pili, majibu ya mmoja si majibu ya mwenzake. Wapo wanandoa wengi ambao mmoja ana virusi na mwingine hana, na mwanamume anayesema "mke wangu alipima kliniki, kwa hiyo na mimi ni salama" anajidanganya. Tatu, na hili ndilo linalobadilisha mazungumzo yote, majibu ya kutofautiana si hukumu ya kutooana. Utafiti mkubwa uliotangaza matokeo mwaka 2011, uliohusisha wanandoa wa nchi kadhaa ikiwemo Kenya, ulionyesha kwamba mwenye virusi akianza dawa mapema uwezekano wa kumwambukiza mwenzake hupungua kwa asilimia 96. Tafiti zilizofuata zikabainisha kwamba anayetumia dawa vizuri hata virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa ngono. Zipo pia dawa za kinga kwa asiye na virusi, na mama mwenye VVU anayefuata tiba huweza kuzaa mtoto asiye nayo. Mshauri nasaha akiwaketisha wote wawili pamoja, wakakubaliana tangu mwanzo kwamba watasikia majibu kwa wakati mmoja, humwepusha mmoja wao kuibeba peke yake habari nzito na kuogopa kipigo au kufukuzwa kwa kuisema.

Homa ya ini aina ya B inasahaulika kabisa, ingawa nayo huambukizwa kwa ngono na kwa damu, na huhamia kwa mtoto wakati wa kuzaliwa. Chanjo yake iliingizwa katika chanjo za watoto wachanga wa Tanzania na Kenya mwanzoni mwa miaka ya 2000, hivyo wachumba wengi waliozaliwa kabla ya hapo hawakuipata. Kwa mtu mzima hutolewa dozi tatu, ya pili mwezi mmoja baada ya ya kwanza, na ya tatu miezi sita baada ya ya kwanza. Anayegundua wiki mbili kabla ya harusi kwamba mchumba wake ana virusi hivyo hana muda wa kujikinga. Aliyefundishwa siku za kuvishana pete anao.

Hesabu ya muda inaibana zaidi asidi ya foliki, kidonge cha vitamini kidogo na cha bei ya chini ambacho karibu kila mara hutolewa kimechelewa. Uti wa mgongo na ubongo wa mtoto hufunga ganda lake ndani ya siku 28 hivi baada ya mimba kutunga, kabla wanawake wengi hawajatambua kwamba ni wajawazito. Kasoro ya hapo ndiyo mgongo wazi, na mara nyingi huandamana na kichwa kikubwa. Inashauriwa mwanamke ameze mikrogramu 400 kila siku kuanzia walau mwezi mmoja kabla ya kushika mimba. Vidonge hivi hupatikana kliniki ya wajawazito, lakini mama akifika huko akiwa na miezi minne, dirisha limefungwa zamani. Kati ya shule ya sekondari, ambako ni mapema mno, na kliniki, ambako ni kuchelewa, darasa la wachumba ndiyo nafasi pekee iliyo katikati.

Darasa hilo si jambo geni kwetu. Pwani, kungwi na somo walimfunda mwari usafi, mwenendo wa mwili, hedhi, tendo la ndoa na utunzaji wa mimba, kwa siku nyingi na kwa lugha isiyoona haya mahali pasipostahili haya. Bara, kitchen party imejaribu kuchukua nafasi hiyo, ingawa siku hizi vyombo vinavyotolewa zawadi humeza saa nyingi kuliko mawaidha. Kasoro ya njia zote mbili ni moja: anayefundwa ni bibi harusi. Bwana harusi, ambaye jando lake, kama alipitia, lilikuwa la utotoni, huingia kwenye ndoa akiwa na elimu ya vijiweni. Matokeo yake huonekana mimba inapochelewa. Uchunguzi wa kitabibu huanza kuzingatiwa baada ya mwaka mmoja wa kujaribu, na karibu katika nusu ya wanandoa wenye tatizo upande wa mwanamume umechangia. Hata hivyo anayepelekwa kwa waganga na kusemwa na mawifi ni mke, na mume hufika hospitali wa mwisho, kama atafika. Darasa linalowaketisha wote wawili kwenye benchi moja huondoa udhuru huo mapema.

Nani afundishe? Parokia zinazotoa mafundisho ya ndoa, misikiti na makanisa mengine zina kitu ambacho Wizara ya Afya haina, yaani wachumba wenyewe, wanaokuja kwa hiari yao na kwa wakati unaojulikana. Kinachokosekana ni muuguzi au mshauri aliyesomea jambo hili, wa kuchukua vipindi viwili au vitatu kati ya vile vya kiroho, na kutopewa nusu saa ya mwisho watu wakiwa wanaangalia saa. Sheria ya ndoa ya Tanzania inadai taarifa ya ndoa itolewe angalau siku 21 kabla, na ya Kenya inadai hivyo kwa ndoa ya kiserikali. Muda huo unatosha kupinga ndoa yenye kasoro za kisheria, lakini kwa mambo ya afya hautoshi hata dozi ya pili ya chanjo. Kiongozi wa dini anayetaka kusaidia kweli angewaomba wachumba waje miezi sita au saba kabla ya tarehe, na asidai kuona jibu lolote.

Wanaopanga harusi ya Desemba wangeanza basi mwezi Mei au Juni. Kipindi cha kwanza kingekuwa cha maelezo tu, bila sindano wala karatasi, wakajifunza AS ni nini na kwa nini grupu la damu haliwaambii. Ndipo waende maabara pamoja, wakiomba kwa jina uchambuzi wa hemoglobini, kipimo cha homa ya ini B, VVU, kaswende na grupu la damu pamoja na Rh. Warudi kwa mshauri na majibu yao. Wakikutwa wote ni AS, wapewe muda na njia zote zilizopo bila kusukumwa: kuachana kwa heshima kabla ya mahari, kuoana na kulea mtoto wa kuasili, au kuoana na kuzaa huku wakijua kwamba mtoto apimwe mara anapozaliwa, aanzishiwe penisilini akiwa na miezi miwili, akingwe na malaria na apewe chanjo zote, kwa kuwa mtoto SS aliyetambuliwa mapema, na baadaye akapata dawa ya hydroxyurea, ana nafasi kubwa zaidi ya kukua kuliko yule ambaye ugonjwa wake hujulikana siku anapolazwa. Agosti au Septemba wafanye kipimo cha pili cha VVU. Novemba bibi harusi aanze asidi ya foliki, na Desemba, kabla ya kamati kumaliza kugombania idadi ya kadi, waliohitaji chanjo wapate dozi ya tatu.